Mtoto na Nchi ya Moto

Hakuna mtu alindaye kitu asichokijua. Mchungaji huwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa majina, na kwa hiyo mmoja akikosekana jioni hatulii mpaka ampate. Mkulima hujua ni pembe gani ya shamba lake hushika maji na ni pembe gani hukauka upesi, na kwa hiyo akiona mfereji mpya umechimbwa na mvua, huuziba kabla haujawa korongo. Lakini mpita njia huvunja tawi la mti bila kufikiri, akaenda zake, kwa sababu mti ule kwake hauna jina. Jambo hili ni jepesi kulisema, walakini nimeona likisahauliwa mara nyingi tunapowafundisha watoto kulinda nchi yao. Twawaambia: "Msikate miti, msitupe taka, msiwaudhi wanyama." Maneno hayo ni ya kweli, ila yamekuja kabla ya wakati wake. Twamwamuru mtoto ailinde nyumba ambayo hajapata kuingia.

Msomaji mpendwa, wewe uliye katika shule ya sekondari si mtoto tena, wala hujawa mzee. Nyumbani una wadogo zako wanaokutazama utendalo na kuliiga kabla hawajaliiga la baba na mama. Ukitema mate njiani, nao watatema. Ukisimama kumtazama ndege, nao watasimama. Kwa hiyo insha hii nimeiandika ili nikupe kazi. Nataka siku moja uwachukue wadogo zako, au watoto wa jirani, uwaonyeshe nchi yao, na uwafundishe kuilinda. Nami nitachukua mfano wa mahali nipajuapo, yaani ile nchi ya volkeno iliyo kusini ya ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, penye mbuga mbili za taifa: Longonot, iliyotengwa mwaka 1983, na Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, iliyotengwa mwaka 1984.

Mahali hapa si mbali na Nairobi. Ni safari ya kilomita 90 hivi. Longonot ni mlima uliosimama peke yake, wenye kimo cha mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mlima wa migongo mingi yenye miteremko mikali, na kila auangaliaye huona kwamba jina limemfaa mwenyewe. Kileleni pana kasoko, yaani shimo kubwa la volkeno, na ndani ya shimo umeota msitu. Mtu akipanda kutoka langoni hufika ukingoni mwa kasoko baada ya mwendo wa kilomita 3 hivi, na akitaka kuuzunguka ukingo wote huenda kilomita nyingine 7. Lango la Jahanamu ni mbuga ndogo, ya kilomita za mraba 68 tu, lakini ina magenge marefu mekundu, minara ya mawe, korongo jembamba, chemchemi za maji ya moto, na wanyama kama punda milia, twiga, kongoni, pofu, nyati, ngiri na swala. Tena ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Kwa mtoto, jambo hili ni kubwa. Aliyefungiwa ndani ya gari huiona nchi kama picha. Aendaye kwa miguu huisikia chini ya nyayo zake.

Hata hivyo nimefundisha watoto ambao huuona mlima wa Longonot kila asubuhi waendapo shule, na ambao hawajapata kuukanyaga. Ukiwauliza mlima ule ni nini, hujibu, "Ni mlima." Ukiwauliza ni wa nani, hujibu, "Ni wa watalii." Jibu la pili ndilo linalonisumbua. Mtoto asemaye kwamba mlima ni wa watalii amekwisha kujiondoa katika ulinzi wake. Moto ukiwaka huko, atasema ni moto wa watalii.

Basi kazi ya kwanza ya kiongozi wa watoto ni kuyafungua macho. Usianze kwa hotuba. Chuoni tulifundishwa kwamba somo huanza na kitu, kisha jina la kitu, kisha sababu ya kitu. Na katika miaka yangu ya kufundisha sijaona utaratibu uliouzidi huo. Mwache mtoto aokote jiwe. Katika nchi ile ataokota mawe ya namna mbili yatakayomshangaza. Moja ni jepesi mno, lina matundu kama mkate, na likitiwa majini huelea. Jingine ni jeusi, laini na lenye kung'aa kama chupa iliyovunjika, na makali yake hukata kidole. Mwulize: "Mawe haya mawili yanafanana?" Atasema hayafanani hata kidogo. Hapo ndipo umweleze kwamba yote mawili yametoka katika tumbo la moto mmoja. La kwanza lilitoka likiwa na hewa nyingi ndani yake, kama povu, likaganda na povu lake. La pili lilipoa upesi sana hata likawa kioo. Wataalamu huliita obsidiani, na watu wa kale waliokaa pande hizi walilichonga kuwa visu na ncha za mikuki maelfu ya miaka kabla ya chuma kujulikana, wakalipeleka hata katika nchi za mbali na mahali lilipochimbwa. Mtoto akisikia hivyo, hulitazama jiwe mkononi kwa heshima ambayo amri mia moja zisingempa.

Kisha mpeleke kwenye mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizo mwaka 1883. Una kimo cha mita 25, nao umesimama peke yake uwandani kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Wamaasai husimulia kwamba alikuwa binti aliyekuwa akienda kuolewa. Alikatazwa asitazame nyuma, lakini mapenzi ya nyumbani yalimshinda, akageuka, naye akawa jiwe. Wataalamu wa mawe husema kwamba ni volkeno iliyoganda: ujiuji wa mwamba ulisukumwa juu kupitia ufa wa ardhi, ukapoa hapo hapo, na mawe laini yaliyouzunguka yakaliwa na mvua na upepo. Wako walimu ambao husimulia habari ya pili tu, wakaiona ya kwanza kuwa upuuzi. Mimi husimulia zote mbili. Habari ya wataalamu humweleza mtoto jiwe lilitoka wapi; habari ya wazee humweleza kwamba watu waliishi hapa, wakalitazama jiwe hili jioni baada ya jioni, wakawaza juu ya mabinti zao. Nchi isiyo na hadithi haipendwi, na nchi isiyo na elimu haieleweki.

Baada ya macho, fungua masikio na ngozi. Katika baadhi ya nyufa za nchi ile mvuke hutoka ardhini wenyewe, na mahali pengine maji ya moto hutiririka ukutani mwa mwamba. Mwonyeshe mtoto kwa mbali, asije akaungua. Msichana mmoja mdogo wa darasa langu aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, ni nani anayekoka moto huo?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa maana swali lile ndilo mwanzo wa sayansi. Nilimwambia kwamba moto wenyewe hatuuoni. Chini ya Bonde la Ufa ganda la dunia limenyooshwa likawa jembamba, na kwa sababu hiyo mwamba wa moto umekaribia juu kuliko mahali pengine. Mvua inyeshayo milimani hunywewa na ardhi, ikashuka polepole, ikafika penye joto, ikageuka mvuke, nao hutafuta njia ya kurudi. Milima hii imelala, haijafa. Longonot yenyewe inadhaniwa ilitapika mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na muda huo kwa mlima ni kama usingizi wa adhuhuri.

Mvuke huo ndio unaotupa umeme. Pale Olkaria, visima huchimbwa kwenda chini zaidi ya kilomita 1, mvuke hupandishwa kwa mabomba, nao huzungusha mitambo. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, yaani miaka 3 kabla ya mbuga kutengwa, na leo mvuke wa ardhini huipatia Kenya zaidi ya thuluthi moja ya umeme wake. Taa unayosomea usiku, msomaji, yumkini imewashwa na nchi hii. Mtoto akiona mabomba yakipita kati ya punda milia atauliza, kama wengi walivyoniuliza, "Je, hapa panalindwa au panatumiwa?" Usimdanganye. Mwambie kwamba panafanywa yote mawili, na kwamba kuyapatanisha ni kazi ngumu ambayo haijakwisha. Mwonyeshe jinsi mabomba yalivyoinuliwa mahali pengine ili twiga wapite chini yake. Mweleze pia kwamba mwaka 2014 jamaa za Wamaasai zilihamishwa kutoka makao yao ili kupisha kazi ya mvuke. Mtoto asilelewe katika fikira kwamba hifadhi na maendeleo hupatikana bure. Daima kuna mtu aliyelipa, na ni haki mtoto amjue.

Sasa nakuja kwenye jambo zito kuliko yote niliyoyasema, nalo ni hatari. Ndani ya Lango la Jahanamu mna korongo liitwalo Ol Njorowa. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, wakati ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko sasa, maji yake yalifurika upande wa kusini yakakata njia katika mwamba, na njia ile ndiyo korongo. Leo ziwa halina mto utokao nje, na sakafu ya korongo huwa kavu siku nyingi za mwaka. Kuta zake ni ndefu, zimechongwa na maji kwa mikunjo mizuri, na mahali pengine watu wawili hawawezi kupita sambamba. Kila mtoto aionapo hutamani kukimbia ndani yake. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana 7 waliokuwa katika matembezi walichukuliwa humo na mafuriko wakafa. Na mwezi wa Septemba mwaka 2019 watu wengine 7, mmoja wao akiwa kiongozi wa wageni, walikufa kwa namna hiyo hiyo.

Yatupasa kueleza sababu yake waziwazi. Mvua inayoua korongoni si lazima inyeshe korongoni. Yaweza kunyesha katika nchi ya juu, mbali, wakati jua linawawakia walio chini. Mwamba haunywi maji kama udongo. Maji yote hukusanyika, yakaingia katika ile njia nyembamba, yakaja kwa ghafula kama ukuta. Aliye ndani hana pa kupanda.

Wako wasemao kwamba dawa ni moja tu: watoto wasipelekwe kabisa. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwa maana hakuna jiwe wala ndege anayelingana na uhai wa mtoto mmoja. Ni kweli pia kwamba siku nyingine jibu lifaalo ni hilo hilo: korongo likifungwa, limefungwa, na mwenye kulinyemelea kwa ujanja hafai kuongoza hata mbuzi. Lakini mtoto aliyekatazwa bila kuelezwa huenda peke yake siku moja, naye huenda bila ujuzi. Nimejifunza kumwonyesha mtoto hatari kwa macho yake. Katika siku kavu, wakati walinzi wa mbuga walipotupa ruhusa na kwenda pamoja nasi, niliwasimamisha watoto karibu na mdomo wa korongo, nikawaambia waangalie ukutani. Juu, katika ufa wa mwamba, palikuwa na nyasi kavu na vijiti vilivyosokotana. Nikamwita mvulana aliyekuwa mrefu kuliko wote, nikamwambia anyooshe mkono. Hakuvifikia. Nikauliza, "Ni nani aliyeviweka pale?" Mmoja akasema ni ndege, mwingine akasema ni nyani. Kisha wote wakanyamaza, na msichana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ni maji." Sikuhitaji kuongeza neno. Kuanzia saa ile, kila wingu lililotokea upande wa juu walinionyesha wao kwanza, na nilipowaambia turudi hakuna aliyeomba dakika moja zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, shika kanuni hizi ukiwa kiongozi. Usiingie katika korongo bila kiongozi aliyeidhinishwa na bila kuwauliza walinzi habari za mvua ya nchi ya juu. Usiingie kamwe katika majira ya mvua. Wahesabu watoto kabla ya kuondoka, mkiwa njiani, na mkirudi. Usimkaribie nyati hata akionekana amelala. Mwenye mamlaka akisema hapana, mshukuru, ugeuke. Ushujaa wa kiongozi huonekana katika idadi ya watoto anaowarudisha nyumbani.

Yakiisha kufunguliwa macho, na hofu ikiwekwa mahali pake, ndipo mikono huweza kufundishwa kulinda. Hapo pia naona afadhali sababu kuliko amri. Tuchukue mfano wa lile jiwe jeusi. Kila mtoto hutaka kulitia mfukoni. Ukimkataza tu atalificha. Mpe hesabu. Darasa letu lina watoto 40. Kila mmoja akichukua jiwe moja, ni mawe 40. Tuseme kwamba katika mwaka madarasa 100 huja hapa, ni mawe 4,000. Katika miaka 10 ni mawe 40,000. Nilipowapa watoto hesabu hii ubaoni, kijana mmoja aliandika jibu, akaketi, kisha akatoa jiwe katika soksi yake akaliweka juu ya meza yangu. Safari iliyofuata alilirudisha mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na hali kadhalika haba na haba hukimaliza.

Moto ni mfano mwingine. Mwezi wa Machi mwaka 2009 moto uliwaka katika mlima wa Longonot, ukateketeza majani na vichaka vya mlimani. Volkeno ililala tangu zama za mababu zetu, lakini nchi yake iliungua. Kichaka cha leleshwa chenye majani ya rangi ya fedha hushika moto upesi wakati wa kiangazi, na kijiti kimoja cha kiberiti kilichotupwa chatosha kuwasha mteremko mzima.

Lakini fundisho lililonipa kazi kubwa kuliko yote lilihusu tumbusi. Katika magenge ya Lango la Jahanamu hukaa na kuzaa tumbusi wa aina iitwayo Rüppell, ambao kwa sasa wamehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani. Hapo kale palikaa pia yule tai mkubwa mwenye ndevu ambaye hudondosha mifupa juu ya miamba ili ipasuke ale uboho wake. Naye alitoweka katika magenge hayo. Watoto hawampendi tumbusi. Humwona mchafu, mwenye shingo mbaya, mwenye kula mizoga. Nami huwauliza: "Nyumbani mtu akifagia uchafu, je, uchafu ni wa mfagiaji?" Tumbusi hula mzoga kabla haujaoza na kueneza maradhi, wala hadai mshahara. Jike hutaga yai 1 tu kwa mara moja, na kifaranga chake huchukua miezi kukua. Lakini mzoga 1 uliotiwa sumu waweza kuua makumi ya tumbusi katika saa chache, maana huonana kutoka mbali angani na kuteremka pamoja.

Na sumu hiyo hutiwa na nani? Hutiwa na mfugaji aliyeliwa mbuzi na fisi au chui, aliyekusudia kumwua mla mbuzi wake. Tumbusi hakuwa na kosa, wala mfugaji hakumkusudia. Mvulana mmoja wa darasa la 5 alilisikia somo hili, akaenda nyumbani akamwambia baba yake mfugaji, kwa adabu, kwamba mzoga wa mbuzi uliokuwa nyuma ya boma usitiwe dawa. Baba alimjibu kwamba mtoto hamfundishi mzee. Asubuhi yake baba alikuja shuleni, akanisalimu, akaketi, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umemfundisha mwanangu kuwahurumia ndege. Ni vema. Nani atawahurumia mbuzi wangu?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, swali lako ni la haki." Nikamweleza kwamba sheria ya wanyama ya mwaka 2013 yaweka fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama wa porini. Akacheka, akasema kwamba mbuzi huliwa kwa usiku mmoja, na fidia huja kwa miaka. Sikuwa na la kumkanusha. Tukazungumza habari ya boma: jinsi miiba ilivyokuwa chache upande wa korongo, na jinsi ya kuzidisha ukuta. Jumamosi ile wavulana wakubwa wa shule walikwenda wakamsaidia kukata miiba na kulijenga upya boma upande ule. Hakuahidi kitu. Lakini mwanawe aliniambia baadaye kwamba mzoga ulifukiwa, na dawa ikabaki chupani.

Nimekusimulia habari hii ndefu kwa makusudi. Ni rahisi kumpa mtoto huruma kwa ndege; ni vigumu kumpa huruma kwa ndege na kwa jirani kwa wakati mmoja. Ulinzi wa nchi usiokuwa na nafasi ya mfugaji yule hautadumu, maana yeye ndiye akaaye mpakani usiku, sisi tukiwa tumelala. Vijana wale waliokata miiba waliwalinda tumbusi kuliko kama wangaliandika mabango mia. Tena walifanya hivyo bila kumvunjia heshima mzee.

Huenda ukasema, "Mimi ni mwanafunzi tu, nitawezaje?" Basi jua kwamba chama cha vilabu vya wanyamapori katika Kenya, Wildlife Clubs of Kenya, kilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi. Hawakungoja wawe mawaziri wala wawe na mali. Walianza shuleni, kwa kukutana, kusoma, kutembea na kusema na wenzao. Pengine shuleni kwako kipo kilabu cha namna hiyo. Kama hakipo, mwombe mwalimu wako akusaidie kukianzisha.

Wala usidhani kwamba kazi hii yangoja safari na nauli. Kama huna fedha za kufika Naivasha, anza ulipo. Karibu kila shule ya Bonde la Ufa na ya nchi za juu imekalia udongo uliotoka katika moto. Chukua wadogo zako watatu au wanne siku ya Jumapili alasiri. Wape kila mmoja kazi: mmoja atazame mawe, mmoja ndege, mmoja nyayo za wanyama, mmoja maji yanakotoka na yaendako. Wasikupe majibu kwanza, wakupe maswali. Liandike kila swali, hata lile la kuchekesha. Yale usiyoyajua, uwaambie hujui, mkatafute pamoja kwa mwalimu, kwa mzee wa kijiji, na vitabuni. Kuuliza si ujinga. Mkiwa mnarudi, kila mmoja abebe takataka moja aliyoikuta, hata kama hakuitupa yeye. Wiki nyingine mwende tena mahali pale pale. Siku ya kwanza mtoto huona pori, siku ya kumi huona kwamba kiota kimevunjwa, au kwamba mti uliokuwapo haupo, na hapo atauliza kwa hasira, "Ni nani aliyefanya hivi?" Siku atakapouliza hivyo, ujue kwamba kazi yako imezaa.

Milima ya moto ilikuwapo kabla yetu, na yamkini itatapika tena baada yetu bila kutuuliza. Hatuna uwezo wa kuilinda Longonot isitapike. Tulichopewa kulinda ni kile kidogo kilichoota juu yake wakati wa usingizi wake: msitu ulio ndani ya kasoko, kichaka cha leleshwa, yai moja la tumbusi katika ufa wa genge, na watoto wanaopita chini yake wakiuliza. Watoto hao ni wadogo zako. Wafundishe majina ya vitu hivyo mapema, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.